Je, Wajua? Supu ya Korogwe na Ndugu Zake wa Mbali

Rafiki yangu mmoja alikaa Guangzhou miaka kadhaa akinunua nguo za jumla, akarudi Korogwe na ugonjwa mmoja tu: hamu ya supu ya tambi. Asubuhi yake ya kwanza nyumbani tuliketi kwenye benchi la kibanda kimoja pale Manundu (mpenda nyama halisikii jina hilo bila kuwaza nundu), akamuuliza mwenye sufuria kama anayo. Mama akasimamisha upawa hewani.

"Tambi, mwanangu? Tambi si futari? Mimi nina makongoro, nina utumbo, na ya mbuzi imebaki kidogo. Nikutilie ipi?"

Benchi zima likacheka. Akachukua makongoro na chapati mbili. Alipofika nusu ya bakuli hadithi za Guangzhou zilikuwa zimeshakatika, na mimi nilikuwa nimeshapata cha kuandika mwezi huu.

Maana mama yule alisema kweli kuhusu Korogwe, lakini aligusa jambo refu. Je, wajua kuwa tambi za kula na tambi za koroboi ni neno lile lile? Kile kipande cha pamba kinachonyonya mafuta ya taa huitwa utambi. Vikiwa viwili ni tambi. Ukizishika tambi kavu za dukani, nyembamba na zimelala pamoja, hushangai mtu kuzifananisha na nyuzi za taa. Kitambi cha tumboni ni habari nyingine, ingawa baada ya mwezi wa Ramadhani wapo watakaobisha.

Kwenye jiko la pwani tambi hazikaribii supu. Hukaangwa kavu kwanza mpaka zigeuke rangi, ndipo zipikwe kwa maji au tui la nazi, sukari, iliki na zabibu kavu, hadi zikauke na kuachana. Waislamu wa Bara Hindi nao wana tambi zao tamu za Idi, za maziwa na tende, kwa hiyo mpishi wa Tanga na mpishi wa Lucknow wangeelewana bila mkalimani. Iliki, kwa upande wake, si mgeni sana. Imekuwa ikipandwa kwa miaka mingi chini ya vivuli vya misitu ya Usambara Mashariki, kule Amani, ambako Wajerumani walifungua kituo chao cha utafiti wa mimea na kilimo mwaka 1902. Mwaka huohuo reli yao iliyoanzia Tanga mwaka 1893 ndiyo kwanza ilifika Korogwe. Miaka tisa, na umbali ambao leo basi linaumaliza kabla hujachoka kukaa.

Tambi zenyewe zina umri gani? Mwaka 2005 wanasayansi walitangaza habari ya bakuli la udongo lililofukuliwa Lajia, kaskazini magharibi mwa China. Lilikuwa limefunikwa kifudifudi na tope la mafuriko, na ndani yake mlikuwa na nyuzi za chakula zilizotengenezwa kwa nafaka jamii ya uwele na ulezi, zenye miaka kama 4,000. Na wale wanaosimulia kwamba Marco Polo ndiye aliyezipeleka tambi Italia wamechelewa: alirejea Venice mwaka 1295, wakati mwanajiografia Al-Idrisi alikwishaandika mwaka 1154 kuhusu mji wa Trabia, kisiwani Sicily, uliokuwa ukitengeneza tambi nyingi na kuzisafirisha kwa meli hadi nchi za Waislamu na za Wakristo.

Sasa twende Handeni, kilomita kama 65 kutoka Korogwe, maana huko ndiko hadithi ya tambi inakokaribia nyumbani kuliko nilivyotegemea.

Je, wajua kuwa wapo Wazigua waliolelewa katika nchi ya tambi? Katika karne ya 19, njaa na biashara ya watumwa ziliwang'oa watu wengi Uzigua, wakapakiwa majahazini na kuuzwa kwenye mashamba ya pwani ya Benadir, Somalia. Baadhi yao walitoroka wakaingia kwenye misitu ya bonde la mto Juba. Masimulizi yao yanamtaja mwanamke, Wanankhucha, aliyewaongoza katika kutoroka huko kutafuta njia ya kurudi kwao. Hawakufika. Walikaa Juba, wakalima, wakazaa, na Kizigua wakakishika vizazi na vizazi huku wamezungukwa na Kisomali.

Kisha wakaja Waitaliano, ambao walitawala Somalia ya kusini tangu mwishoni mwa karne ya 19 hadi mwaka 1941, wakarudi tena kama wasimamizi kuanzia 1950 hadi uhuru wa 1960. Waliacha majengo na mashamba ya ndizi, na waliacha pia kile Wasomali wanachokiita baasto, yaani pasta, kwa kuwa Kisomali hakina sauti ya "p". Leo baasto ni chakula cha kawaida Mogadishu kama ugali ulivyo Handeni, na mara nyingi sahani yake huja na ndizi mbivu pembeni. Watu hula ndizi hiyo pamoja na nyama na tambi, tonge moja hivi, jingine vile.

Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, Wazigua wa Juba walianza safari ambayo mababu zao hawakuimaliza. Wengine walipita Kenya na hatimaye wakapelekwa Marekani. Wengine walishuka kwa bahari hadi Tanzania, wakapokelewa Mkuyu, wilayani Handeni, na baadaye Chogo, makazi yaliyofunguliwa mwaka 2003 katika wilaya hiyohiyo. Wengi wao walipewa uraia. Wenyeji waliwasikia wageni hao wakisema Kizigua, tena chenye maneno ambayo vijana wa Handeni waliyajua kwa bibi zao tu. Kwa hiyo ukitafuta mahali katika wilaya hizi mbili ambapo mtu mzima anaweza kukutajia tambi kama chakula cha chumvi cha utotoni mwake, jibu lipo, na halihitaji pasipoti ya China.

Turudi kwenye benchi. Mgeni kutoka Nairobi huweza kuita "supu" kile ambacho Mtanzania angekiita mchuzi wa nyama. Kwetu mpaka ni mkali. Mchuzi una nyanya, una mafuta na vitunguu vilivyokaangwa, nao hutafuta wali au ugali. Supu ni nyama na mfupa, maji, chumvi, na muda. Tangawizi na kitunguu saumu huruhusiwa. Tangawizi hiyo ikitoka milima ya Upare, wilaya ya Same, haijasafiri mbali. Ndimu na pilipili havipikwi humo, huwekwa mezani, mlaji ajipimie. Kibanda kinachokuletea supu iliyokwisha kutiwa ndimu jikoni nakitilia shaka: huenda kuna harufu inafichwa.

Wasafiri wa mabasi hawaijui supu hii. Wanaotoka Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha hupita Segera, kisha Korogwe, na wakipewa dakika kumi za kuchimba dawa hununua kitu kikavu: korosho, mahindi ya kuchoma, machungwa ya kumenya. Bakuli linalotoa moshi haliliwi kwa dakika kumi huku kondakta anapiga bodi la gari. Supu ni ya wakaaji, ya wapakiaji mizigo, madereva wa bodaboda, walimu wanaowahi kipindi cha kwanza, na ya wale waliolala wakiwa wamezidiwa na kinywaji na sasa wanataka kuzimua. Hao wa mwisho utawajua kwa jinsi wanavyoomba: hawasemi neno, wanaonyesha kidole.

Makongoro yana sayansi yake. Kwato na miguu ya ng'ombe haina nyama ya maana. Kilichopo ni ngozi, kano na mishipa migumu, vyote vimejaa protini iitwayo kolajeni. Mbichi, kolajeni ni kamba tupu. Ikichemka taratibu kwa saa nyingi, nyuzi zake hufunguka na kuwa jelatini inayoyeyuka kwenye maji, na ndiyo inayofanya midomo inatane ukinywa supu. Wenye kibanda hupima kwa macho: supu iliyolala ikaganda hata upawa unasimama imeiva, iliyobaki maji haikuiva, au imeongezwa maji na mtu mwenye tamaa. Na ile imani kwamba makongoro yanaingia moja kwa moja kwenye goti la mnywaji? Tumbo huvunjavunja jelatini kama linavyovunja maharage, kisha mwili unaamua wenyewe vipande uvipeleke wapi. Goti halina foleni yake maalumu. Lakini usijaribu kusema hayo kibandani saa moja asubuhi mbele ya wazee, mimi nilijaribu.

Je, wajua kuwa makongoro ya Lushoto yanakula kuni nyingi kuliko ya Korogwe? Si uvivu wa wapishi. Kadiri unavyopanda, hewa inapungua uzito na maji yanachemka mapema, kwa upungufu wa nyuzi joto moja hivi kila mita 300. Korogwe iko kama mita 300 juu ya usawa wa bahari, maji yake yanachemka kwenye nyuzi 99 hivi. Lushoto, juu ya mita 1,300, yanachemka kwenye nyuzi 95 au 96. Nyuzi tatu ni kitu kidogo kwa chai, lakini kwa mguu wa ng'ombe ni muda wa ziada motoni, na muda ni kuni au mkaa. Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia mwezi Mei 2024, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Ningependa kuwaona wenye mkakati huo wakikaa usiku kucha na sufuria moja ya makongoro juu ya mtungi mdogo wa gesi, kisha wapige hesabu ya faida ya bakuli.

Sasa twende Meksiko. Ukitoka mjini Korogwe kuelekea Ngombezi, Magunga au Hale unaona mkonge, mistari na mistari ya majani yenye miiba. Mmea huo asili yake ni Meksiko. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893. Njiani ikafa mingi hata ikabaki 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutoka kwenye hiyo 62 kikatoka kilimo kilichotoa zaidi ya tani 200,000 za nyuzi mwaka 1964. Kilileta pia watu: manamba, vibarua walioandikwa kwa namba kutoka kusini, magharibi na hata ng'ambo ya Ruvuma. Ndiyo sababu Korogwe ni mji wa watu wa kila kabila, ambao chakula chake cha asubuhi hakidai kuwa cha Wasambaa wala Wazigua wala mtu yeyote.

Pilipili iliyoko kwenye kile kikopo mezani nayo ni ya Amerika. Kabla ya safari ya Columbus ya mwaka 1492 hapakuwa na Mwafrika, Mhindi wala Mthai aliyekuwa ameionja. Na huko Meksiko kuna supu iitwayo menudo: utumbo wa ng'ombe, mara nyingi na kwato humohumo, huchemshwa usiku, huliwa asubuhi, hasa Jumapili. Mezani huwekwa pilipili na ndimu, na pembeni hutolewa mkate mwembamba wa duara wa kuchovya. Sifa yake kubwa? Inawazimua walevi. Bakuli lao na letu hayakuigana. Yamekutana tu, kama watu wawili wasiojuana waliovaa shati la kitambaa kimoja.

Na kwa nini pilipili inaungua wakati haina moto? Ukali wake unatokana na kapsaisini, ambayo inakwenda kubonyeza kihisio kilekile cha mwili kinachotambua joto kali. Ubongo unaarifiwa kwamba ulimi unaungua, nao unaagiza jasho. David Julius, aliyekitambua kihisio hicho, aligawana tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2021. Ndege hawasikii ukali huo hata kidogo, na hiyo ndiyo hesabu ya mmea: mnyama angesaga mbegu kwa meno, ndege anazimeza nzima na kwenda kuzipanda kwa kinyesi chake chini ya mti fulani. Pilipili kichaa zinazojiotea nyuma ya nyumba yako zina mkulima mwenye mabawa. Ukizidiwa usinywe maji, hayaiyeyushi kapsaisini, omba maziwa.

Kuweka kitu kichachu pembeni ya nyama ni mazoea ya zamani kuliko pilipili katika pwani hii. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliletewa wali wa samli na vitoweo vya kuku, nyama na samaki, pamoja na achari ya malimau, tangawizi mbichi na maembe. Akaandika kwamba mtu mmoja wa mji ule anakula sawa na kundi la watu wa kwao. Hakulalamika, alistaajabu, na sehemu hiyo ya kitabu chake naisoma kama sifa.

Ndugu wengine wa bakuli hili nitawapitia haraka. Wahanoi wana phở, supu ya mifupa ya ng'ombe iliyokesha jikoni, huliwa asubuhi vibandani kwa ndimu na pilipili, ila hiyo ina tambi za mchele. Lahore na Delhi wana nihari, jina lililotokana na neno la Kiarabu la mchana, lile lile ambalo washairi wetu waliandika "nahari". Irani wana kallepache, ya kichwa na miguu ya kondoo, ambayo maduka yake hufunguliwa kabla ya jua.

Yule wa Xi'an, China, simpiti haraka. Pale Waislamu wa Kihui wana chakula kiitwacho paomo. Unapewa bakuli tupu na mkate mgumu wa duara. Unaumega mwenyewe, vipande vidogo kama punje za mahindi, na wazee wanachukua muda mrefu wakipiga soga. Halafu bakuli linarudi jikoni, linamiminiwa supu ya kondoo na kutiwa tambi nyembamba za wanga. Niliposimulia haya kwenye benchi la Manundu, rafiki yangu wa Guangzhou alishusha kijiko. Kumbe ile supu iliyomtesa kwa hamu alikuwa akiila kwa Wahui haohao, kwenye migahawa yao ya halali iliyotapakaa miji yote ya China: tambi zinazovutwa kwa mikono ndani ya supu angavu ya ng'ombe, mapishi ya mji wa Lanzhou, ambako watu huzila asubuhi.

"Sasa tazama bakuli lako," nikamwambia.

Alikuwa amechana chapati zake mbili kwa urefu, vipande virefu vyembamba, akavizamisha kwenye makongoro. Ngano, maji, chumvi na mafuta. Unga uliokandwa ukapumzishwa ili ulainike, ukasukumwa, ukakunjwa kama konokono, ukasukumwa tena. Fundi wa Lanzhou naye anakanda na kupumzisha kwa sababu ileile, kwamba unga usiopumzika unagoma kuvutika. Tofauti ni kwamba yeye anavuta kabla ya kupika, sisi tunapika kabla ya kuchana. Ngano yenyewe haioti Korogwe. Nyingi huingia nchini kwa meli, licha ya mashamba makubwa ya Basotu, Hanang, yaliyoanzishwa kwa msaada wa Kanada. Supu ya tambi aliyokuwa akiitafuta alikuwa anaitengeneza mwenyewe kwa vidole, tangu utotoni, bila kuipa jina.

Hakukubali mara moja. Alisema za Lanzhou ni ndefu zaidi.

Kitu kimoja cha mwisho, cha wale wanaopenda supu ya ng'ombe bila kufikiri mifugo hiyo ilinusurikaje. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka uliua sehemu kubwa kabisa ya ng'ombe wa Afrika Mashariki, na wafugaji wakafa njaa kwa maelfu. Chanjo bora ilipatikana Muguga, Kenya, mikononi mwa Walter Plowright na wenzake, na mwaka 2011 dunia ilitangaza sotoka imetokomezwa, ugonjwa wa pili katika historia kufutwa kabisa baada ya ndui. Hivyo Wamasai wanaoswaga ng'ombe kwenda mnadani Handeni leo wana hofu nyingi, ukame ukiwa mojawapo, lakini hiyo ya sotoka hawana.

Mama alikuja kukusanya mabakuli. Rafiki yangu alibakiwa na vipande vitatu vya chapati na bakuli kavu, akalinyanyua kwa mikono miwili.

"Mama, niongezee supu kidogo."

"Supu nakuongezea, mwanangu, hiyo haina bei. Nyama usiitazame."

Akamimina upawa mzima.